Robert Oppenheimer: Nyota, Nyutroni na Amana ya Elimu



Tumezoea kusoma katika gazeti letu maisha ya wanazuoni wa Kiislamu, na mimi mwenyewe nilikuwa nimejiandaa kuandika juu ya al-Biruni. Lakini jambo lililonipata msikitini limenibadilisha nia. Baada ya swala ya Isha nilipewa nafasi ya kutoa darsa fupi juu ya elimu yenye manufaa. Nikaeleza kuwa Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akimuomba Mola amkinge na elimu isiyonufaisha. Nilipotaka mfano wa elimu hiyo, nikamtaja Oppenheimer, mtengenezaji wa bomu la atomiki, kisha nikaendelea na maneno yangu.

Tulipomaliza, ndugu mmoja anayesoma fizikia akanifuata. Akaniuliza kwa upole kama nafahamu mtu huyo alikuwa akitafiti nini kabla ya bomu. Sikufahamu. Akanieleza kuwa alitafiti nyota zilizokufa. Mwingine, ambaye kwao ni Katanga, akaniuliza kama nafahamu urani ya bomu lile ilitoka wapi. Hilo nalo sikulijua. Niliona haya kwa sababu nilikuwa nimesimama mbele ya watu nikamhukumu mtu nisiyemjua, na hayo si mafunzo tunayopewa darasani. Nikaenda kusoma. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kijana mwenye haraka

Julius Robert Oppenheimer alizaliwa New York tarehe 22 Aprili 1904. Wazazi wake walikuwa Wayahudi wenye asili ya Ujerumani. Baba yake alitajirika kwa biashara ya vitambaa na mama yake alikuwa mchoraji. Nyumbani hawakushika ibada ya dini yao, bali walimpeleka mtoto katika shule iliyofundisha maadili mema bila dini. Tangu mdogo alipenda kukusanya mawe na madini, na akiwa na umri wa miaka 12 hivi alisimama kuhutubia chama cha wataalamu wa madini cha New York.

Aliingia Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1922, akasoma kemia, na akamaliza kwa miaka mitatu badala ya minne. Kisha akavuka bahari kwenda Cambridge, Uingereza. Huko mambo yalimwendea vibaya. Alitakiwa kufanya kazi za maabara, na mikono yake haikuwa hodari kwa kazi hizo. Aliingiwa na huzuni kubwa. Nawataja hapa wenzetu wanaofika mwaka wa kwanza na kuona mlango waliouchagua hauwafungukii: huyu naye alipitia hapo. Mwaka 1926 alihamia Göttingen, Ujerumani, kwa mwalimu Max Born, akaacha vyombo vya maabara na kushika kalamu. Mwaka uliofuata alipata udaktari akiwa na umri wa miaka 23. Njia aliyoiandika pamoja na Born mwaka huohuo, ya kuhesabu mwendo wa elektroni katika molekuli, wanakemia wanaitumia hadi leo kwa majina yao wawili.

Alirudi Marekani, na kuanzia mwaka 1929 alifundisha Berkeley na Pasadena, huko California. Mwanzoni wanafunzi walilalamika kuwa anakwenda mbio mno na hawamwelewi. Akajirekebisha, na baada ya miaka michache darasa lake likawa kitovu cha fizikia ya nadharia nchini Marekani. Kila mwaka alipohama kutoka Berkeley kwenda Pasadena, wanafunzi kadhaa walihama naye. Walimwiga hata mwendo wake na namna ya kushika sigara. Kwetu sisi hali hiyo si ngeni. Mwanafunzi wa zamani alikuwa akimfuata shehe wake mji hadi mji, akichukua kwake elimu na adabu pamoja.

Ndani ya kiini cha atomu

Miaka ile ndipo fizikia ya nyuklia ilipokuwa ikizaliwa. Mwaka 1932 James Chadwick aligundua nyutroni, chembe iliyomo ndani ya kiini cha atomu ambayo haina chaji ya umeme. Kabla ya hapo, mwaka 1930, Oppenheimer alikuwa ameonesha kwamba chembe mpya iliyojitokeza katika hesabu za Paul Dirac haiwezi kuwa protoni, kwa kuwa ni lazima uzito wake ulingane na wa elektroni. Miaka miwili baadaye Carl Anderson akaipata kweli chembe hiyo, yaani positroni, katika chuo kilekile cha Pasadena ambako Oppenheimer alifundisha.

Mwaka 1935, yeye na mwanafunzi wake Melba Phillips walieleza jambo lililowashangaza watu wa maabara. Deutroni ni protoni moja na nyutroni moja zilizoshikana. Ukiirusha kuelekea kiini cha atomu, protoni yake husukumwa nyuma kwa sababu kiini nacho kina chaji ya aina ileile. Ilitarajiwa basi kuwa deutroni yenye nguvu ndogo isiweze kuingia, lakini kazi ilikuwa ikifanyika. Wawili hawa wakaonesha kuwa deutroni inapokaribia kiini huvutika na kukatika: nyutroni, isiyosukumwa na kitu, huingia ndani, na protoni hubaki nje na kwenda zake.

Nyutroni hiyo ndiyo inayoyafunga maisha yake yote. Ilimpeleka kwenye nyota, kisha ikampeleka kwenye bomu.

Nyota inapokufa

Nyota husimama kwa mizani. Uzito wake huivuta kuelekea ndani, na joto la moto wa nyuklia ulio katikati huisukuma kuelekea nje. Kuni zikiisha, mizani huvunjika na nyota huanza kujikunja. Mwaka 1934 Walter Baade na Fritz Zwicky walitoa wazo kwamba nyota kubwa ikilipuka inaweza kubakiza mabaki yaliyoundwa kwa nyutroni tupu. Wengi hawakulipa uzito wazo hilo. Oppenheimer alilichukulia kama hesabu inayotakiwa kufanywa.

Mwaka 1938 aliandika na Robert Serber juu ya viini vya nyutroni ndani ya nyota. Mapema mwaka 1939, pamoja na mwanafunzi wake George Volkoff, alitumia nadharia ya Einstein ya uhusianifu kuuliza: nyota ya nyutroni inaweza kubeba uzito kiasi gani kabla ya kushindwa? Jibu lao lilikuwa takriban sehemu 7 kati ya 10 za uzito wa Jua letu. Leo wanasayansi wanajua kuwa kiwango hicho kiko juu zaidi, kupita kidogo uzito wa Jua mara mbili, kwa sababu nyutroni zinaposongamana sana husukumana kwa nguvu ambayo wao hawakuiingiza katika hesabu. Lakini jambo la msingi limebaki palepale: kikomo kipo.

Ili tupate picha, nyota ya nyutroni ina uzito kupita wa Jua, nayo upana wake ni kilomita 20 hivi, kiasi cha mji mmoja. Ukichota kijiko cha chai cha mata yake, uzito wake ungekuwa mabilioni ya tani.

Je, nyota ikipita kikomo hicho? Swali hilo alilifanyia kazi na mwanafunzi mwingine, Hartland Snyder. Jibu lao ni kwamba hakuna cha kuizuia: itaendelea kujikunja. Aliye mbali ataiona ikizidi kupungua kasi na mwanga wake ukizidi kuwa mwekundu na hafifu, asiione kamwe ikifika mwisho. Ambaye angekuwa juu ya nyota hiyo angeshuka nayo kwa muda mfupi tu, na habari zake zisingeweza kutoka tena. Leo tunaliita jambo hilo shimo jeusi. Wakati huo halikuwa na jina, na hata Einstein mwaka huohuo wa 1939 aliandika kupinga kuwa linaweza kutokea.

Makala ya Oppenheimer na Snyder ilitoka tarehe 1 Septemba 1939. Siku hiyohiyo majeshi ya Hitler yaliivamia Poland na Vita vya Pili vya Dunia vikaanza. Katika toleo lilelile la jarida kulikuwa na makala ya Niels Bohr na John Wheeler iliyoeleza jinsi kiini cha urani kinavyopasuka. Dunia ikaishika makala ile ya pili na kuisahau ya kwanza. Oppenheimer mwenyewe hakurudi tena kwenye nyota.

Hapa niingize neno moja kwa wenzangu. Siku hizi zinazunguka video zinazodai kuwa nyota iliyotajwa katika Surat at-Tariq ni nyota ya nyutroni, kwa kuwa mawimbi ya redio ya baadhi ya nyota hizo husikika kama mgongo wa mlango. Wafasiri kama Ibn Kathir walilieleza neno hilo kwa maana ya kinachokuja usiku, na nyota imeitwa hivyo kwa kuwa huonekana usiku na kufichika mchana. Mimi sioni haja ya kuibebesha aya nadharia ambayo kesho inaweza kurekebishwa, kama ile 7 kati ya 10 ilivyorekebishwa. Qur'ani imetuamrisha tutazame mbingu na tutafakari. Oppenheimer na wanafunzi wake walitazama kwa kalamu. Sisi tunaosoma amri hiyo kila siku, tumetazama kiasi gani?

Kutoka nyota hadi jangwani

Kupasuka kwa urani kuligunduliwa na Otto Hahn na Fritz Strassmann mjini Berlin mwishoni mwa mwaka 1938, na Lise Meitner pamoja na Otto Frisch wakalieleza maana yake. Habari zilipofika Berkeley, Oppenheimer alisema haiwezekani, na akaandika hesabu ubaoni kuthibitisha. Luis Alvarez akamuonesha ushahidi kwenye chombo chake. Haikuchukua robo saa Oppenheimer akakubali kuwa amekosea, na hapohapo akaanza kuwaza matumizi yake, bomu likiwemo. Nyutroni inapokipasua kiini cha urani, hutoka nyutroni nyingine mbili au tatu, nazo hupasua viini vingine, na moto huo huenea kwa kasi isiyofikirika.

Mwaka 1942 Jenerali Leslie Groves alimchagua aongoze maabara ya siri, na mwaka 1943 maabara hiyo ikafunguliwa Los Alamos, New Mexico. Wengi walishangaa, kwani hakuwahi kuongoza hata idara. Nia iliyowakusanya wanasayansi ilikuwa hofu kwamba Hitler atawatangulia. Kwa Oppenheimer, ambaye watu wa kabila lake walikuwa wakiuawa Ulaya, hofu hiyo haikuwa ya maneno tu.

Na urani? Sehemu kubwa ilitoka Shinkolobwe, Katanga, katika Kongo iliyotawaliwa na Ubelgiji. Madini ya huko yalikuwa na urani nyingi kuliko ya mahali pengine palipojulikana. Mwaka 1940 mkurugenzi wa kampuni ya migodi, Edgar Sengier, alikwishatuma takriban tani 1,200 zikahifadhiwa New York, na baadaye zikasafirishwa nyingine. Waliochimba na kubeba walikuwa Wakongo, wengi wao watu wa lugha yetu hii ya Kiswahili. Hawakuambiwa wanachokibeba kinakwenda kufanya nini wala kina hatari gani miilini mwao. Vitabu vingi vya maisha ya Oppenheimer vinawapa mistari michache tu. Ndugu yangu wa Katanga alikuwa na haki ya kuniuliza.

Ujerumani ilisalimu amri Mei 1945. Hapo ndipo lilipo swali la nia. Mwanafizikia Joseph Rotblat alikuwa ameondoka Los Alamos tangu mwisho wa mwaka 1944, alipojua kuwa Wajerumani hawana bomu, kwa kuwa sababu iliyomleta ilikuwa imekwisha. Oppenheimer alibaki. Juni 1945 alikuwa miongoni mwa wanasayansi wanne walioishauri serikali kwamba hawaoni njia ya kulionesha bomu bila kulitumia vitani ambayo ingevimaliza vita. Tarehe 16 Julai bomu la majaribio lililipuka jangwani New Mexico kabla ya jua kuchomoza. Tarehe 6 Agosti likapigwa Hiroshima, na tarehe 9 Nagasaki. Inakadiriwa kuwa hadi mwisho wa mwaka huo watu kama 140,000 walikuwa wamekufa Hiroshima na 70,000 Nagasaki, wengi wao raia, wanawake, wazee na watoto. Sisi tumefundishwa kuwa Mtume (s.a.w.) alikataza kuuawa wanawake na watoto vitani, na kwamba Abubakar Siddiq (r.a.) aliwausia majemadari wake wasiue mzee wala wasikate mti wenye matunda. Kwa mizani hiyo hukumu ya kitendo kile haina utata.

Miaka ya majuto

Oktoba 1945 Oppenheimer alikutana na Rais Truman, akamwambia kuwa anahisi mikono yake ina damu. Truman alichukizwa na hakutaka kumuona tena. Mwaka 1947 Oppenheimer akawa mkuu wa Taasisi ya Utafiti wa Juu huko Princeton, na pia mwenyekiti wa kamati ya washauri wa serikali juu ya nguvu za atomiki. Mwaka 1949 kamati yake ilishauri lisitengenezwe kwa haraka bomu la haidrojeni, lenye nguvu nyingi zaidi. Ushauri haukufuatwa, na maadui wakaongezeka.

Mwaka 1954 aliitwa mbele ya baraza la usalama. Walichimbua urafiki wake wa zamani na wakomunisti, wakachimbua pia jambo la mwaka 1943: rafiki yake alimfikishia fununu kuwa kuna mtu anayeweza kupeleka siri kwa Warusi. Alikataa, lakini alipowasimulia maafisa wa usalama alitunga habari isiyo ya kweli ili kumkinga rafiki huyo. Sasa alilazimika kukiri kuwa alidanganya. Uongo mmoja wa miaka 11 iliyopita ukatumiwa kuivunja heshima yake yote. Tarehe 29 Juni 1954, siku moja tu kabla ya kibali chake kumalizika chenyewe, akanyang'anywa. Ilipofika Desemba 2022, miaka 55 baada ya kifo chake, serikali ya Marekani ilitangaza kuufuta uamuzi ule kwa kuwa haukufuata haki.

Alifariki Princeton tarehe 18 Februari 1967 kwa saratani ya koo, akiwa na umri wa miaka 62. Mwaka huohuo, miezi michache baada ya kifo chake, mwanafunzi wa Cambridge, Jocelyn Bell, aliona katika karatasi za darubini ya redio mapigo yanayorudi kila baada ya sekunde moja na theluthi. Ilikuja kufahamika kuwa ni nyota ya nyutroni inayozunguka. Kazi aliyoifanya Oppenheimer kwa kalamu mwaka 1939, na kuiacha, ilikuwa kweli. Hakujaaliwa kuishi hadi kuiona.

Nilichorudi nacho

Baada ya kusoma nilimtafuta yule ndugu wa fizikia nikamuomba radhi kwa kusema bila kujua. Akaniuliza tena swali lake: elimu ya mtu huyu ilinufaisha au haikunufaisha?

Nilimjibu hivi. Imam al-Ghazali ameeleza katika Ihya kwamba elimu kama tiba na hesabu ni faradhi ya kutosheleza: wasipopatikana watu wa kuishika, jamii yote inabeba lawama. Basi kujua nyutroni si dhambi, na kujua nyota inavyokufa ni kujua kazi ya Muumba. Nyutroni iliyowasha Hiroshima haina tofauti na ile iliyomo ndani ya nyota. Amana iko kwa anayejua, na amana hiyo haiishii siku unapoanza kazi kwa nia njema. Nia inataka kuangaliwa upya kila hali inapobadilika. Rotblat aliiangalia, akafunga mizigo. Oppenheimer alikuwa na akili kuliko wengi waliokuwa pale, lakini aliacha kazi imchukue hadi mwisho, akaanza kujiuliza baada ya watu kufa.

Ndugu yangu akanikumbusha kuwa ni rahisi kusema hayo miaka 80 baadaye, kwa mtu ambaye hakuna anayemwinda. Ni kweli, na nimelikubali. Lakini katika sisi tunaosoma leo kuna watakaokwenda maabara, benki, jeshini, hospitali na serikalini. Kila mmoja atapewa siku moja kazi nzuri yenye sababu nzuri, na siku nyingine sababu itaondoka na kazi itabaki. Tujizoeze sasa kuuliza, tukiwa bado wanafunzi. Na tuwakumbuke katika dua wale wa Shinkolobwe, waliobeba mzigo bila kuambiwa ni wa nini.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atunufaishe kwa alichotufundisha, atufundishe kinachotunufaisha, na asiifanye elimu yetu kuwa hoja dhidi yetu Siku ya Kiyama. Nilipopatia ni kwa tawfiki Yake, na nilipokosea ni kwangu mimi.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.